Ile Picha ya Sweta la Damu ya Mzee

Kama muhula uliopita ulipita mbele ya ubao wa matangazo wa kantini, basi uliiona. Bango la kampeni ya kuchangia sare. Msichana amesimama ubaoni, ametugeuzia mgongo, mkono wa kulia ameuinua na chaki. Picha nzima ni nyeusi na nyeupe, isipokuwa sweta. Sweta lina rangi ya damu ya mzee, na kwenye kiwiko lina tundu la kupitisha ngumi. Chini yake maneno makubwa ya kuomba hela.

Picha ile niliipiga mimi. Na kuiediti niliiediti mimi, kitandani, hosteli, saa nne usiku, kwa simu ya Tecno yenye kioo kilichopasuka kwa sababu bumu lilikuwa halijatoka. Naandika makala hii kwa kuwa kamati ya kampeni imeshaanza kukusanya picha za mwaka huu, na nimeombwa nitengeneze "nyingine kama ile". Nimekataa. Wenzangu wameniuliza kwa nini nakataa kitu kilicholeta hela, na majibu niliyowapa koridoni hayakueleweka. Kusema kweli hata mimi sikujielewa. Ngoja nijaribu hapa kwa utulivu.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini, maana wengi wetu tunautumia huu mtindo wa kuacha rangi moja bila kujua unafanyaje kazi. Picha ya simu ni mamilioni ya vitone, na kila kitone kinabeba namba tatu: ya nyekundu, ya kijani na ya buluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Ukibonyeza "nyeusi na nyeupe", programu inazichanganya zile namba tatu ipate moja tu, ya kijivu. Na haizichanganyi kwa usawa. Kwa kanuni moja ya tangu enzi za televisheni, ambayo bado inatumika sana, kijani inapewa uzito wa karibu asilimia 59, nyekundu 30, na buluu 11, kwa sababu jicho la binadamu linaona mwanga wa kijani vizuri zaidi kuliko wa buluu. Kwa hiyo rangi mbili zisizofanana hata kidogo zinaweza kuishia kwenye kijivu kilekile. Nyekundu kali kabisa, ile ya 255, inakuwa kijivu cha 76. Kijani ya 130, iliyokolea kama jani, nayo inakuwa kijivu cha 76. Chukua kitenge chenye maua ya nyekundu hiyo juu ya kijani hiyo, kipige picha, igeuze: maua hayapo tena. Nimejaribu, inashangaza.

Kuacha rangi sasa ni hivi. Unaweka tabaka mbili, ya rangi chini na ya kijivu juu, halafu unatoboa ya juu pale unapotaka rangi ichungulie. Kwenye Photoshop unatoboa kwa kitu kinachoitwa maski: ukipaka nyeusi unaficha, ukipaka nyeupe unaonyesha. Kwenye Snapseed unaigeuza picha yote kisha unafuta kwa kidole. Google Photos wao tangu 2018 walileta kitu kinachofanya chenyewe, kinamtafuta mtu, kinamwachia rangi, na nyuma yake kote kunakuwa majivu. Hapo hata kidole hukichoshi.

Kuna njia nyingine, ya kuchagua kwa rangi: unaiambia programu ibakize wekundu peke yake. Mimi nilianza na hiyo. Shule niliyofanyia mazoezi ya kufundisha iko wilaya ya Karatu, na aliyewahi kufika Karatu wakati wa kiangazi anaujua ule udongo. Nilipoiambia programu ibakize wekundu wa sweta, ilibakiza na vumbi kwenye soksi za yule binti, na vumbi lililopanda ukutani mpaka usawa wa dirisha, na shingo yake, na mkono wake ulioshika chaki. Kwa hesabu za kompyuta ngozi za binadamu wote, ya kwetu na ya Mzungu, ziko upande wa chungwa na nyekundu; zinapishana mwanga zaidi kuliko rangi. Ukitaka wekundu unamchukua mtu na ardhi aliyosimama kwa pamoja. Mimi nikaona ni uchafu. Nikafuta vumbi kwa kidole, nikafuta soksi, nikafuta mkono, nikafuta shingo. Ilinichukua kama dakika arobaini. Likabaki sweta.

Sasa niwaambie kilichokuwa ubaoni, maana bango halikuwaambia.

Ilikuwa kipindi cha Jiografia, kidato cha tatu, mada ya kusoma ramani. Nilichora kilima kwa ubavu, upande mmoja mkali, upande mwingine umelala, nikauliza nani anaweza kukichora kama anavyokiona ndege, kwa kontua. Walijitokeza wavulana watatu mmoja baada ya mwingine, wote wakachora miduara iliyopishana sawasawa kama kitunguu kilichokatwa. Yeye alikuwa wa nne. Akabananisha mistari upande wa mkali, akaiachanisha upande uliolala, kisha akaanza kuandika mita kwenye kila mstari bila mimi kumwambia. Nikamuuliza umejuaje. Akasema, "Mwalimu, hiki ni kilima cha nyuma ya kwetu. Upande huu mbuzi hawapandi."

Wanaosomea ualimu wanajua siku kama ile. Unakaa wiki sita ukihangaika na maandalio ya somo na mkaguzi anayekuja bila taarifa, halafu siku moja mtoto mmoja anachukua kitu cha kwenye silabasi anakivalisha kilima cha kwao. Nikatoa simu. (Najua, mwalimu hatakiwi kutoa simu darasani. Nilitoa.) Nilimuuliza, "Nikupige picha?" Akacheka, akasema, "Sawa mwalimu," akageuka kumalizia mita zake. Hapo ndipo nilipobonyeza.

Ukiiangalia ile picha ilivyokuwa ya nyeusi na nyeupe kabla sijaacha rangi, jicho linakwenda moja kwa moja kwenye chaki. Ndivyo jicho lilivyo, linafuata mahali ambapo nyeupe na nyeusi zinagombana, na hakuna ugomvi mkubwa kuliko chaki juu ya ubao. Kutoka kwenye chaki unashuka kwenye vidole, mkono, kichwa kilichoinama kidogo. Ilikuwa picha ya mtu anayefikiri. Nilipolirudishia sweta rangi, chaki ilikufa. Ile mistari ikawa mikwaruzo ya nyuma, kama ubao ambao haukufutwa vizuri. Nilipoiweka stetasi nilipongezwa mpaka nikavimba kichwa. Kati ya wote waliopongeza hakuna hata mmoja aliyeuliza amechora nini.

Kamati ikaiomba, nikawapa. Na mwezi wa tatu tukaenda kukabidhi sare, basi zima, na spika ya kukodi.

Baada ya hotuba mama mmoja akanifuata pale nilipokuwa nakunja nyaya. Alikuwa na simu mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ni wewe uliyempiga mwanangu hii picha?"

Nikasema ndiyo. Nilidhani anataka kushukuru, nikaanza kutabasamu mapema.

"Hili sweta, mwalimu, ni la dada yake. Anavaa siku za kufagia na kwenda shambani la shule. La kwake lipo, analivaa Jumatatu na siku wakija wageni. Kama mngesema mnampiga picha ya kutangaza, angevaa la kwake."

Nikamweleza kwamba haikuwa imepangwa, kwamba nilifurahishwa na alichochora. Akaniuliza alichora nini. Nikamwonyesha pale juu. Akaikuza picha kwa vidole viwili, akaisogeza huku na huku. Ilikuwa imeshapita kwenye magrupu ya WhatsApp mengi mno, imefinywa mpaka imekuwa kama uji.

"Hapa sioni kitu," akasema. "Naona kiwiko."

Hakupiga kelele. Ila wakati anaondoka alinieleza kwamba wenzake na binti wameshampa jina. Wanamwita Msaada. Siku ile alipoitwa mbele kupokea sweta jipya, wa kwanza kwenye orodha kwa sababu ndiye "wa kwenye bango", nyuma kuna mtu aliita hilo jina na watoto wakacheka. Mimi nililisikia, nikadhani wanashangilia.

Watu wakisikia hiki kisa wananiambia kosa langu ni ruhusa. Ni kweli, ila ruhusa niliomba. Tuwe wakweli tunaosomea hii kazi: mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kumwambia mwalimu hapana mbele ya darasa? Na tuseme alikubali kwa moyo wake wote. Alikubali kupigwa picha na kilima chake. Hakuulizwa kama anakubali kufutwa mkono na shingo na kubakizwa sweta. Hizo ni picha mbili, na ya pili ilitengenezwa hosteli akiwa hayupo, umbali wa siku nzima kwa basi.

Jambo linalonisumbua zaidi ni kwamba sikudanganya. Nimejikagua. Sikubadilisha rangi hata ya kitone kimoja. Sweta ni rangi ileile, tundu ni lilelile. Ningekuwa nimeongeza tundu, au nimelichafua sweta kidogo, kila mtu angesema huyu ni mwongo. Nilichofanya ni kunyamazisha kila kitu kingine chumbani kikabaki kitu kimoja kinaongea, na kile kitu kikasema "huyu hana sare". Alikuwa nayo. Mtindo huu una hatari hiyo kuliko vichujio vyote tunavyovilaumu, vile vya kung'arisha uso na kupunguza kiuno. Vile unaona kabisa mtu kajichezea. Huu wa kuacha rangi unaonekana kama wa kweli zaidi, kwa sababu rangi iliyobaki ni ya kweli na nyeusi na nyeupe tumezoea kuiamini, inafanana na gazeti la zamani.

Na wekundu una nguvu usiyoitegemea. Mimi nasoma Kiswahili na Jiografia, nivumilieni kidogo. Vivumishi vya rangi vinavyopokea viambishi vya ngeli kwenye Kiswahili ni vitatu tu: -eusi, -eupe, -ekundu. Nyingine zote tumeazima kwenye vitu au kwa majirani. Kijani ni ya jani, kijivu ni ya jivu, manjano ni kile kiungo cha jikoni, kahawia ni ya kahawa, zambarau ni tunda, na damu ya mzee, basi, ni damu ya mzee. Wala si sisi peke yetu. Mwaka 1969 Brent Berlin na Paul Kay walitoa kitabu kilicholinganisha majina ya rangi kwenye lugha nyingi duniani, wakasema lugha yenye majina matatu ya msingi, la tatu huwa nyekundu. Kitabu chao kimebishaniwa sana tangu hapo, lakini hebu peruzi picha za kuachwa rangi moja kwenye simu yako. Waridi jekundu. Midomo. Basi la London. Viatu vya bibi harusi. Nyeusi, nyeupe, nyekundu, kama vivumishi vyetu. Ukiacha samawati kwenye picha unamwambia mtazamaji tazama hapa. Ukiacha nyekundu humwambii, unamshika kidevu unamgeuza.

Kuna kitu bibi yangu alinifundisha kuhusu hili bila kujua. Ana picha moja ya studio aliyopigwa Tanga kabla hajaolewa. Ni ya nyeusi na nyeupe, ila gauni limepakwa samawati na midomo imetiwa wekundu kidogo. Kupaka picha rangi kwa brashi ni ufundi wenye umri karibu sawa na picha zenyewe. Ulikuwepo tangu miaka ya 1840, na miaka ya 1860 Felice Beato alikuwa anauza picha za kupakwa namna hiyo kule Yokohama, Japani. Fundi wa bibi hakuwa bingwa. Mashavu aliyatia waridi kama ya Mzungu aliyechomwa na jua, na bibi hilo linamchekesha mpaka leo. Likizo iliyopita nilimuuliza, yule fundi rangi ya gauni aliijuaje?

"Si aliniuliza, we mtoto? Angejuaje?"

Filamu ya yule fundi haikushika rangi. Ili aipake ilibidi aende kwa mwenye gauni amuulize lilikuwa rangi gani, na pengine unataka wapi pakolee. Upungufu wa kifaa chake ulimlazimisha kuwa na adabu. Mimi simu yangu ilinipa rangi zote bure, sikuwa na sababu ya kumuuliza mtu chochote.

Watetezi wa mtindo huu, hasa jamaa zangu wanaopenda muvi, huwa wananitajia Schindler's List. Haya, tuizungumze. Ni filamu ya Steven Spielberg ya 1993, karibu yote nyeusi na nyeupe, kuhusu Wayahudi wa Krakow, Poland, chini ya Wanazi. Siku geto linasafishwa, Machi 1943, kuna mtoto mdogo anatembea peke yake katikati ya vurugu akiwa na koti jekundu. Schindler anamwona kutoka kilimani, juu ya farasi. Baadaye kwenye filamu koti linaonekana tena, safari hii juu ya mkokoteni wa maiti. Sina ubishi, pale imefanya kazi. Lakini tazama imefanya kazi gani. Mtoto yule bila koti angekuwa mmoja katika maelfu wanaokimbizwa, jicho lisingemshika. Rangi ilimtoa kwenye umati akawa mtu, ukamfuata, na ulipoliona koti mara ya pili ulijua ni nani. Mimi nilikuwa na mtu mmoja tayari, mwenye kilima chake na mbuzi wasiopanda. Nikalipa rangi sweta mpaka akaingia kwenye umati: mwanafunzi maskini wa kijijini, namba ngapi sijui. Rangi ileile, safari za kupishana.

Nyuma zaidi kuna Battleship Potemkin ya Sergei Eisenstein, 1925, ambapo bendera ya mabaharia walioasi inapandishwa ikiwa nyekundu kwenye filamu isiyo na rangi. Filamu ya siku hizo ingeionyesha nyekundu kama nyeusi, kwa hiyo walipiga bendera nyeupe, kisha wakaipaka kwa mkono fremu moja baada ya nyingine. Ilikuwa propaganda na haikujificha. Hakuna aliyetoka ukumbini akidhani kaonyeshwa ushahidi. Bango letu lilijifanya ushahidi.

Najua hoja iliyobaki, na ndiyo nzito. Hela ilipatikana. Sweta zilinunuliwa. Mweka hazina wa kampeni aliniambia usoni, "Wewe unalia na kiwiko, kuna watoto wanalia na baridi," na Karatu mwezi wa saba ni baridi kweli, siyo ya Dar. Sina namna ya kumjibu nikashinda. Kuna watoto wamevaa leo kwa sababu ya ile picha na nisingependa wavuliwe.

Ila nimwambie kitu ambacho hakukiona kwa kuwa hakuwa mle darasani. Kulikuwa na wavulana wawili dawati la nyuma ambao hawakuwa na sweta kabisa, asubuhi wanakaa wamejikumbatia kwapani. Hao hawapo kwenye picha yoyote niliyopiga. Nisingeweza kuwaachia rangi, kwa sababu asiye na sweta hana pa kuachiwa rangi. Mtindo huu unaweza kunyooshea kidole kitu kilichopo tu. Unatafuta kilichochanika, kinachopendeza kwenye kioo, na aliyekosa moja kwa moja unampita. Kwenye ugawaji mmoja wao alipata. Mwingine hakuwa kwenye orodha, kwa sababu orodha ilianzia kwa "watoto wa kwenye picha", na tulipogundua, spika ilikuwa imeshapakiwa kwenye basi. Hilo tulilimaliza baadaye kwa kumtumia mwalimu wa darasa hela kwenye simu, na halikuwekwa kwenye ripoti.

Nisieleweke kwamba nataka mtindo wote upigwe marufuku. Mahafali yanakuja, na wapiga picha wa getini wataacha utepe wa joho ukiwaka huku mama yako mzazi akiwa kijivu pembeni. Mimi naona ni ushamba, tena ushamba wa kulipia, lakini ni picha yako, hela yako, umesimama mwenyewe ukasema acha hapa. Sana sana mama atauliza kwa nini yeye amekuwa jivu na kitenge kile alikinunulia siku hiyo. Maharusi nao waendelee na maua yao. Kuna rafiki yangu mmoja huwa anaacha macho, kaiga kwenye picha za Wazungu wenye macho ya buluu. Macho yetu ni ya kahawia iliyokolea, anakesha anafuta, mwisho wa siku hakuna anayeona tofauti. Huyo anajiumiza mwenyewe.

Ninachokipinga ni kidole kinachomchagulia mwingine kitu cha kutambuliwa nacho, hasa mtu ambaye hatakuwepo bango likibandikwa. Naiomba kamati mambo mawili ambayo hayagharimu kitu. Picha ya mwanafunzi ikishaeditiwa, hiyo iliyoeditiwa, siyo ile ghafi, irudi kwanza kwa mwenyewe na mzazi wake aione kama itakavyobandikwa. Mwalimu wa darasa ana WhatsApp, ni suala la dakika tano. Na orodha ya kugawa sare itengenezwe na walimu wa pale shuleni kabla ya picha yoyote kupigwa. Wakisema picha za hivyo hazitachangisha, sawa, tujaribu mwaka mmoja tuone tunakosa kiasi gani, angalau tutakuwa tumejua bei.

Picha ya kwanza bado ninayo, ile niliyopiga kabla ya kuigusa. Niliichapisha mjini kwenye karatasi ya A4 nikamtumia mama yake kwa basi, kwa mkono wa kondakta. Ikiwa na rangi zote, nusu ya chini ya ukuta ni kijani ya mafuta iliyopauka, udongo umepanda kila mahali, sweta limekaa katikati ya vyote hivyo na lile tundu ukiambiwa ulitafute ndipo unaliona. Mama alinipigia kusema imefika. Alisema wameiweka sebuleni, na kwamba binti anasema ule mstari wa juu aliukosea kidogo.

Nakala nyingine nimemwachia katibu wa kamati, kwenye flashi, na nimeshapata ruhusa ya wote wawili. Wakiamua kuitumia naomba isipunguzwe ukubwa. Ukiikuza unasoma mita zote alizoandika: 1,500, 1,520, 1,540, na ule wa juu alioukosea.